Kisichopimwa

Chupa ilikuja ndani ya soksi,
soksi ndani ya kiroba cha mchele,
na aliyeileta akanong'ona: matone matatu, atalala.
Matone ya nguvu gani, hakungoja kuulizwa.
Alishapotea kona ya Kanyenye, kofia machoni.

Baba hakulipenda lile "matatu".
Miaka thelathini na mmoja alitunza maabara ya sekondari,
hakuwa mwalimu, ila ni yeye tu aliyejua
chupa ipi ina asidi
na ipi wanafunzi walishaimwaga wakajaza maji.
"Kitu kisichopimwa," akasema, "si dawa. Ni uvumi."

Tukafunga madirisha.
Nkamba, mtoto wa dada, tukamweka barazani
aimbe akimwona balozi wa nyumba kumi.
Wimbo aliokuwa anaujua wote ni wa taifa.

Juu ya kisahani cha chai, baba akadondosha
kutoka kwenye vichupa vyake vya siku za kustaafu,
hiki kidogo, kile kidogo, pumzi kaibana.
Mafuta ya bangi yakakaa kimya.
Halafu zambarau ikapanda pembeni,
zambarau ya ulimi wa mtoto aliyetoka mtini.
"Ipo," akasema. Akavua miwani.
"Lakini rangi inasema ipo tu. Haisemi ni kiasi gani.
Ni kama kusikia mtu yumo chumbani
usijue ni mgeni au ni mwizi."

Kutoka kitandani mama akaita:
"Ngasa! Chovya njiti ya kiberiti, washa, uone!"
Hivyo ndivyo alivyonunua asali maisha yake yote,
Sikonge, Urambo, ndoo kwa ndoo:
njiti ikiwaka, asali haina maji, toa hela.
"Hii si asali, Milembe."
"Basi mmeleta nini nyumbani kwangu?"

Usiku ule baba akajipima mwenyewe.
Daftari lake ninalo.

*Saa 3:10. Tone moja, chini ya ulimi.
Saa 3:40. Hakuna kitu.
Saa 4:15. Hakuna kitu. Saa ya ukutani inatembea kwa visigino.
Saa 4:30. Nimekumbuka jina la mbuzi wetu wa Ndala.
Saa 4:31. Yule mbuzi hakuwa na kosa.*

Saa tano akaniita nimshike miguu
kwa sababu sakafu, alisema, imekwenda mbali.
Nikaishika. Ilikuwa ya baridi, yenye magaga,
na sikuwahi kuigusa tangu nizaliwe.

Asubuhi akapiga hesabu. Yeye kilo sabini na moja.
Na mama?
Tukamkalisha kwenye khanga, ncha nne tukazifunga,
tukamtundika kwenye mizani yake ya asali.
Mshale ukatikisika, ukasimama.
Baba akaandika, akafuta, akaandika tena kile kile.
Mama akauangalia mshale kwa jicho la sokoni:
"Ndoo moja na nusu. Msimu mbaya."

Kwa hiyo ni nusu tone.
Lakini nani amewahi kulikata tone?
Baba akalikoroga moja ndani ya vijiko viwili vya asali,
kimoja chake, kingine cha kesho.
Kijiko kilipofika mdomoni, mama akafunga meno.
"Na asali yenyewe mmeipima?"

Tukatazamana, mtunza maabara na mimi.
Nikaenda jikoni, nikachovya njiti kwenye chupa ya asali,
nikaikwaruza mara moja, mara mbili.
Ikawaka.
Chumba kilichofungwa madirisha kikatuona sote,
akiwemo Nkamba, aliyeacha lindo.
Mama akafungua mdomo.

*Saa 2:05. M. Kijiko kimoja.
Saa 2:50. Anauliza kama mvua imenyesha. Haijanyesha.
Saa 3:25. Amegeukia upande wa kushoto mwenyewe.
Saa 3:50. Anakoroma.
Nguvu ya dawa:*

hapo mstari mrefu wa kalamu,
na mwisho wake, wino umepasua karatasi.